Pikipiki Yako Bado Inawaka

Mpendwa Papa Furaha,

Nakuandikia kutoka Bweremana, katika chumba tulichopewa na mama mmoja anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani. Ndani kuna kitanda, sufuria mbili, Furaha, mimi, na pikipiki yako. Pikipiki ndiyo inayochukua nafasi kubwa. Asubuhi nikitaka kufungua dirisha, lazima kwanza nipande kwenye kiti chake. Mwenye nyumba hucheka: "Mama Furaha, uko unaenda wapi asubui hii?"

Siendi popote. Barabara imefungwa kwa bariyeri upande huu na nyingine upande ule, na tangu tufike hapa sijaona mtu aliyeruhusiwa kupanda milimani kwetu.

Unakumbuka mbio zako za kwanza, kule kwenye malisho ya Kirolirwe? Wiki nzima ulikuwa umebeba viazi na jibini za watu. Jumapili baada ya ibada ulifungua chuma cha mizigo, ukafungua vioo na taa, vyote ukaviweka kwenye kitenge changu. Wenzako waliuliza mtu anunue nini ili aanze mbio, wewe ukajibu kwamba kuanza ni kupunguza. Magoti uliyafunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi. Kofia ya chuma uliazima kwa mdogo wako Bahati, nayo ilikuwa kubwa, nikakutilia kilemba changu ndani isichezecheze. Njia ya mbio iliwekewa alama kwa vijiti vya kutambazia maharage. Ng'ombe waliondolewa, mavi yao yakabaki.

Kupanda ulikuwa wa kwanza. Nilikuona juu kabisa, mgongo umeinama, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Halafu ukaanza kushuka, na ghafla kukawa kimya. Ulikuwa umezima injini! Kama kila motari anayebeba watu kwa pikipiki milimani kwetu anavyofanya akifika kwenye mteremko ili asichome esanse ya tangi bure, mkono wako ulikwenda kwenye ufunguo wenyewe. Wenzako wakakupita wakinguruma. Wewe ulikuwa unateleza polepole, umetulia kama mtu aliyeuza vizuri sokoni.

Bahati akapaza sauti: "Kaka! Hii iko mbio! Haiko kurudia ku nyumba!"

Watu walicheka mpaka wakakaa kwenye majani. Nyumbani ulinyoosha mkono wako wa kulia ukautazama kama wa mtu mwingine. "Mama Furaha, mukono njo ilizima. Miye sikuizima."

Mimi sikucheka sana siku ile, na sikukuambia sababu. Miteremko ndiyo iliyokuwa nyumba yetu ya mazungumzo. Ulipokuwa ukinibeba nyuma, tukipanda hatukusikilizana kwa kelele za injini. Tukifika juu ulizima, mlima ukatusukuma, ukageuza kichwa kidogo: "Sema sasa." Jina la Furaha tulilichagua tukishuka. Kuacha lile shamba la chini lililojaa maji, tuliamua tukishuka. Mara moja tuligombana, mteremko ukaisha kabla sijamaliza langu, ukawasha injini, ukawa umeshinda.

Homa ilipokushika, njia ya hospitali ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mapigano. Pikipiki iliyowashinda wote kupanda kule kwenye malisho ilisimama mlangoni siku tatu, esanse imejaa, nawe ukitetemeka ndani. Tulikuzika haraka juu ya shamba la viazi, tukaweka jiwe moja upande wa kichwa. Kesho yake tukakimbia.

Bahati alikuwa mbele na pikipiki yake, amempakia mama yenu. Nami nilishika yako. Sikujua hata kuiwasha. Milimani niliisukuma, na kwenye miteremko nilikaa juu yake, Furaha nyuma yangu, miguu yangu ikikwaruza ardhi. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuendesha. Mahali fulani nilisema, "Papa Furaha, mlango nimeufunga." Furaha akauliza nasema na nani.

Hapa motari wamebanwa katikati ya bariyeri mbili, hawana abiria. Mfanyabiashara mmoja, Papa Kambale, mtu wa Butembo ambaye duka lake limebaki na chumvi na sabuni tu, aliwaanzishia mbio za Jumapili kwenye uwanja wa mpira. Anawapimia esanse kwa chupa ndogo ya maji, kila mtu sawasawa. Kofia ziko tatu, kwa hiyo wanakimbia watatu watatu. Nilikuwa nikienda kutazama na kurudi chumbani.

Siku moja Bahati alikuja. Pikipiki yake ilichukuliwa njiani, unajua alivyo bila kazi.

Aligonga kiti cha pikipiki yako. "Shemeji, moto yenye haitembee inakufa. Unipatie, nibebe samaki."

"Na siku barabara itafunguka, miye nitafika kwake na nini?"

Anajua kwamba nataka kurudi kwenye kaburi lako kabla majani hayajalifunika. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Lakini shemeji, wewe hata kuwasha haujue."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniuma. Nikamwambia anipe wiki tatu, kisha aje uwanjani. Tukaahidiana: nikimaliza mizunguko mitano bila kusukumwa, hataiulizia tena. Nikisukumwa hata mara moja, aichukue, na neno la kaburi liishe.

Papa Kambale alinifundisha nyuma ya duka lake. Mara kumi pikipiki iliruka na kuzimika. "Mama, ambreyaje haiko muchi ya kutwanga majani ya sombe," alisema, akinionyesha mkono wa klachi. "Uiachilie polepole, kama vile unatoa mukono chini ya mutoto mwenye amelala." Nikaelewa.

Jumapili ile niliwekwa na vijana wawili. Walinipita mara moja, mmoja akigeuka: "Mama, ngombe njo ilikufundisha?" Nikaendelea. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika wa nne, kwenye kona yenye matope, injini ikazimika.

Watu wakaanza: "Mumusukume! Mumusukume!" Bahati alikuja mbio. Nilidhani atanisukuma ili aichukue, kwa kuwa mkono mmoja tu ulitosha. Alisimama karibu yangu, akaweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo wake mwenyewe.

"Sikugusi, shemeji. Piga kiki! Ingine! Na nguvu, haiko yai!"

Nilikanyaga mpaka ndala ikaruka. Ikawaka. Nilimaliza wa mwisho, wenzangu walikuwa wamekwisha kuvua kofia. Bahati aliokota ndala yangu, akaifuta kwenye suruali yake, akaiweka karibu na mguu wangu.

"Moto iko yako. Lakini ile kona, kaka angeona haya."

Sasa siku za kazi ninamwazima abebe samaki kutoka bariyeri hii mpaka ile, na jioni anairudisha chumbani. Jumapili ninazunguka. Nataka nikuambie ukweli, Papa Furaha: nilidhani kuendesha kutanifungulia kifua, na haiko hivyo. Ninazunguka mara tano na kufika palepale. Kutoka kwenye kona ile ninaiona bariyeri, na nyuma yake barabara inayopanda kwako. Injini inawaka, barabara naiona kwa macho yangu, na mikono yangu lazima igeuze usukani. Kukaa chumbani kunauma kidogo kuliko hapo.

Lakini nageuza, kwa sababu Furaha ananingoja pembeni na chupa ya maji.

Msalaba wako uko tayari. Fundi wa mbao alitaka kuufanya mrefu kama misalaba ya watu wengine, akaniambia mfupi ni wa mtoto. Nilimwacha aseme, nikampa kamba niliyopimia. Unatosha kwenye kiti cha nyuma, na haugusi tairi.

Pumzika hapo ulipo. Siku wakifungua, usinitafute kati ya watu wa miguu.

Mke wako,
Mama Furaha