Mfuko wa Koti la Baba

Gulwe

Mwanangu Cornel,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Bibi yako Ruthu anakusalimu, miguu inamsumbua ila anakula. Dada yako Edina anakusalimu, na mwanawe Fabian ameota meno mawili. Jirani yetu Angelina, anayekuletea mzigo huu Ipagala, ni mzima. Baba yako naye yupo.

Humo utakuta mfuko wa kamera, maana ulisema vumbi la Dodoma linaiharibu. Nimeushona kwa mkono. Sikuwa na kipimo, nikaukadiria kwa kikombe cha bati, kwa hiyo ukibana unisamehe. Ndani nimeweka kipande cha blanketi kuukuu. Kitambaa cha nje utakitambua, ni lile koti la baba yako la kanisani.

Nilikataa kulikata. Nilimwambia nguo ya mtu aliye hai haikatwi. Akasema, "Kata tu, mama Cornel. Ukinizika nalo nitapotea humo ndani." Akacheka, kikohozi kikamshika mpaka akachoka.

Daktari ametuambia tukae naye nyumbani, tumpe chochote anachotaka kula. Hataki kitu. Anauliza tu kama mfuko umeitosha kamera.

Usiupeleke kazini kwanza, mwanangu. Uje nao, auone. Jana nilimdanganya kwamba uko njiani, akataka anyolewe ndevu. Nimemnyoa. Ukishasoma hapa mpigie Edina upesi, utuambie unafika lini.

Mama yako,
Dorothea