Wamehama na Ng'ombe

Jumatatu, 6 Juni 2005
Paredi, baridi, vumbi ya simiti kutoka upande wa Athi River. Nimesahihisha madaftari yote ya darasa la saba, arobaini na sita. Wiki ijayo ni Wiki ya Heshima. Afisa wa elimu anakuja Ijumaa ya tarehe 17. Hedi wa shule, Madam Mutua, amenipa mimi kufundisha somo la kuonyesha wageni. Ati mimi ndiye mtu mzima.

Kitu kidogo leo. Naserian alileta daftari, akainamisha kichwa mbele yangu. Watoto wa Kimaasai husalimia mtu mzima hivyo. Unagusa kichwa kidogo na kiganja, basi. Nikamwambia, "Inua kichwa, mimi si kinyozi." Darasa ilicheka mpaka wengine wakagonga dawati. Nilifurahi. Siku hizi hawachekangi na mimi.

Jumatano, 8 Juni
Sasa jina lake ni Kinyozi. Vijana wanamfuata na vidole kama makasi. "Kinyozi, nikate panki!" "Kinyozi, leo bei ni ngapi?" Nilipita hapo karibu na bomba ya maji. Nilisikia yote. Nikatabasamu nikaenda.

Ijumaa, 10 Juni
Naserian hayuko. Jana pia hakuwa.

Jumatatu, 13 Juni
Bado. Hedi anataka rejista ziwe safi kabla ya mgeni, kila mtoto ambaye hayuko aandikiwe sababu. Nilikaa na kalamu. Nikaandika: Wamehama na ng'ombe.

Hakuna mtu aliuliza. Kwa Wamaasai hiyo sababu inakubalika tu, hakuna mtu hufuata. Nilijua hivyo wakati nilikuwa naandika. Ndio maana niliandika.

Jumatano, 15 Juni
Aibu.

Mama Naserian ndiye huletea shule maziwa. Kila asubuhi, mtungi wa lita kumi, mlango wa ofisi ya walimu. Siku ile niliandika uongo nilikuwa nimekunywa vikombe viwili.

Leo saa nne hedi aliingia na rejista yangu imefunguliwa. "Mwalimu Wafula, hawa watu wamehama na ng'ombe gani? Hiyo chai umeshika ni maziwa yao." Walimu walicheka, mmoja akasema labda ng'ombe imerudi peke yake. Nikasema nilichanganya na mtoto mwingine. Uongo wa pili. Hedi hakucheka. Aliniangalia, akafunga rejista.

Sikumaliza chai.

Alhamisi, 16 Juni
Mama Naserian leo hakuweka tu mtungi na kuondoka kama kawaida. Alinitafuta. Akaniuliza mbele ya walimu wote, pole pole, Kiswahili yake ni ya kutafuta maneno. "Mwalimu, mtoto amekataa shule. Nikiuliza ni nini, ananyamaza. Wewe ndio mwalimu wake. Nini ilifanyika?"

Nikasema, "Sijui, mama."

Akasema baba ya Naserian amechoka na mtoto wa kukaa nyumbani bure. Jumanne ijayo anampeleka Kimana kwa shangazi, kazi ya vitunguu. Huko akienda hatarudi darasani, sote tunajua. Msichana wa kwanza katika hiyo boma kufika darasa la saba. Mwaka ujao ni mtihani.

Na mimi nimesema sijui. Mtu mzima wa miaka arobaini na nane. Nyumba yangu imesimama kwa ploti ambayo ilikuwa malisho ya watu kama hao. Nimekuja hapa kutoka Bungoma, wamenipokea, na kichwa cha mtoto wao kimenishinda kugusa. Si kwamba sikujua maana yake. Nilijua. Niliona kama nikimgusa nitakuwa mshamba mbele ya watoto wa watu wa ofisi.

Sijakula.

Ijumaa, 17 Juni
Mgeni alikuja. Nilifundisha heshima dakika thelathini na tano. Niliandika ubaoni, "Tuheshimu mila za wenzetu," watoto wakasoma kwa sauti. Kijana mmoja wa wale wa makasi ndiye alisoma vizuri kuliko wote. Afisa akanishika mkono, akasema nchi inahitaji walimu kama mimi. Wakapiga makofi. Hedi hakupiga.

Mimi ni mtu bure.

Jumamosi, 18 Juni
Nimeenda kwao Naserian. Saa moja kwa miguu kutoka stejini, nikipita fensi mpya za mawe. Nilikaribia kurudi mara mbili.

Watoto wadogo walikuja mbio, wanne, wakapanga laini, vichwa chini. Hawanijui, lakini walinipa vichwa. Niligusa kimoja kimoja. Naserian alikuwa amesimama mlangoni. Hakuja.

Niliambia baba na mama kila kitu. Kinyozi. Makasi. Rejista. Ile "sijui." Mama alifunika mdomo na kanga. Baba akacheka kidogo, si kwa furaha. "Tumehama na ng'ombe. Hizi hapa, hesabu."

Nikaomba msamaha. Akauliza, "Hayo maneno ya kinyozi ulisema mbele ya watu wangapi?"

"Arobaini na tano, na yeye."

"Na leo umekuja kuambia wawili."

Alienda kufungulia ndama. Mama alinipa maziwa, nikakunywa kwa sababu kukataa ni dharau ingine. Kuhusu Kimana hakuna mtu alisema chochote.

Jumatatu, 20 Juni
Nilianza na hedi. Nikamwonyesha ile laini kwa rejista. Akasema, "Futa, andika sababu yenyewe, nitatia sahihi." Nikaandika: Mwalimu alimdharau mbele ya darasa. Akasoma mara mbili. Akatia sahihi. Akasema atalazimika kupeleka juu, kwa afisa wa elimu. Nikasema sawa.

Halafu darasani. Nilipanga maneno mazuri usiku, yote yalipotea. Nilisema tu kwamba mimi ndiye nilianzisha. Naserian alinipa heshima, mimi nikamfanya kichekesho, na wao walijifunza kwangu. Somo la Ijumaa lilikuwa la kuonyesha mgeni. Hakuna mtu alicheka. Kijana wa makasi alilia, akaficha uso kwa sweta. Sikumgombeza.

Baba ya Naserian alikuwa amesimama nje ya dirisha na fimbo yake. Sijui alifika saa ngapi. Nilipomaliza hakuwa hapo.

Dawati ya Naserian haikuwa na mtu siku yote.

Jumanne, 21 Juni
Siku ya Kimana. Nilifika shule mapema, sikuenda ofisini. Kengele ililia. Wakaingia wote, na Naserian nyuma yao, viatu vimepakwa rangi.

Alipita mbele yangu bila salamu. Sikudai. Akaketi.

Tulifanya desimali. Katikati ya somo aliinua mkono akasema namba ya nne ubaoni nimekosea. Niliangalia. Ni kweli, nilikuwa nimekosea. Nikafuta.