Kumjengea Leokadia

Jumatatu, 3 Juni
Nimemaliza kaburi la katekista. Vigae vyeupe, msalaba wa nondo. Mjane kauliza kigae kikipasuka itakuwaje. Nimemwambia marehemu akipiga teke hilo si kosa la fundi. Kacheka. Mjane akicheka, kazi imekwenda vizuri.
Saa sita mchana, nakoroga zege, Leokadia kakohoa nyuma yangu. Sikugeuka. Mke wangu huyu ana miaka minne chini ya udongo Mbeya, na bado anakuja kukoholea huku kwangu Kilolo.

Jumanne, 4 Juni
Mpangaji wangu, Mwalimu Atupele, anafundisha sekondari, jioni anasoma lugha za kale kwenye kompyuta. Leo kaniita: "Babu, njoo uone mafundi wenzako." Makaburi yamechongwa ndani ya mwamba, nchi ya Likia, Uturuki huko. Likia naijua. Paulo alipita kwa meli akiwa mfungwa.
Maandishi yanasema fulani kajenga kaburi hili kwa ajili ya mke wake na watoto. Mke kwa lugha yao hao wa Likia ni lada. Hapo limeandikwa ladi. Mwalimu anasema mkia ukibadilika hivyo, maana yake ni "kwa ajili ya mke". Sisi mzigo huo tunakibebesha kitenzi: jenga, jengea. Wao wanambebesha mke mwenyewe. Nikasema kumbebesha mke mzigo, basi hao ni Wahehe kabisa, kama sisi. Mwalimu kacheka mpaka kafunga kompyuta.

Alhamisi, 6 Juni
Neno limenikaba. Ladi. Miaka thelathini nimejengea watu. Wachungaji, walevi, hata mfugaji mmoja wa Usangu aliyetaka ng'ombe wa saruji juu. Leokadia nimemwachia tuta.
Aibu. Alipofia kwa binti yetu Yustina mimi nilikuwa Makongolosi, nachimba dhahabu, na mwanamke pembeni. Simu nilizima mwenyewe. Nilifika siku tatu baada ya mazishi, nanuka pombe. Yustina hakunipa hata kiti. Tangu hapo hapokei simu yangu.
Leo Leokadia kasimama kwenye pipa la maji, mchana kweupe. Kanga ya kijani. Naogopa.

Jumapili, 9 Juni
Nimempigia Yustina kwa simu ya Mwalimu. Kapokea. Nikasema nataka kuja kumjengea mama yako.
"Baba, umelewa?"
"Bado."
Kakata. Mdomo huu utanizika.
Nimefunga mwiko na pima maji kwenye gunia. Nakwenda hivyo hivyo.

Jumatano, 12 Juni. Mbeya
Leokadia kakohoa kiti cha nyuma cha basi mpaka Igawa. Nikageuka. Kiti kitupu.
Yustina kafungua geti. Kaanza kuninusa, kama polisi. Kisha kanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba.
Limeshajengwa.
Fundi sijui nani. Limepinda. Ufa kichwani, vidole viwili vinaingia. Limeandikwa: LIMEJENGWA NA WATOTO WAKE. Langu jina halipo. Nilitafuta mpaka ubavuni.
"Pameshajengwa, baba. Kunywa chai uondoke."
Nilikuwa na mzaha mdomoni, ukakauka. Nimepiga magoti. Nimemwambia mvua inamwingia mama yako. Niache nizibe huu ufa tu. Siandiki kitu.
Kasimama. Mikono kiunoni, kama mama yake. Kisha kaenda kuleta ndoo.

Alhamisi, 13 Juni
Nimeuchimbua ufa, nimeusafisha kwa brashi, nimeuziba. Kazi ndogo kuliko zote maishani mwangu. Imenichukua tangu asubuhi hadi jioni. Kaburi nimelisawazisha pembeni kidogo pia, Yustina hakukataza.

Ijumaa, 14 Juni
Baridi. Ukungu mpaka saa nne.
Yustina kauliza sasa bado nini. Nikasema saruji mbichi inataka kumwagiwa maji asubuhi na jioni, na anayemwagia awe fundi mwenyewe. Siku ngapi? Kwa kweli ni siku saba. Nikasema ishirini na moja.
Kaniangalia. Mumewe anauza saruji, hesabu hiyo anaijua.
Jioni kaja na blanketi la pili, kaliweka miguuni pa kitanda changu, katoka.