Ekari Ishirini na Tatu za Babu Cuffee

Jumanne, 11 Machi

Vigingi! Kumi na kimoja, vyenye tepe za waridi, vimepigwa katikati ya shamba letu la kunde bila hata hodi. Shangazi Mina aliviona alipokwenda kulisha kuku. Nilipofika alikuwa ameshang'oa saba na kuvitupa jikoni. Miaka themanini na moja, mgongo umepinda, na bado anang'oa vigingi kama magugu.

Nikamwambia aache, huo ni ushahidi.

"Ushahidi gani, mwandishi? Kuni kavu hizi."

Mpimaji wa ardhi aliyevipiga akarudi saa nne kuchukua kofia aliyoisahau. Mzungu mpole. Ametumwa na kampuni ya gofu. Shamba liko mahakamani, linauzwa — kwani hatujui? Hatujui! Ekari ishirini na tatu ambazo Babu alizinunua kwa pamba aliyoilima mwenyewe, na kaburi lake limo humo, na habari tunaletewa na mtu aliyefuata kofia.

Jumatano, 12 Machi

Mjini, kwa wakili wetu, Renita Capers. Amelipata faili. Binamu yangu Lemuel, yule wa Philadelphia, ameiuzia kampuni fungu lake. Babu hakuacha wosia, kwa hiyo sote tunamiliki kwa pamoja, na mwenye fungu moja anaweza kuiomba mahakama iuze shamba zima. Mwenye kijiko anauza sufuria! Sheria hiyo nimeiandikia makala tisa.

Kampuni imeapa kwamba warithi walitafutwa wakakosekana. Wakakosekana! Shangazi anakaa barazani kila siku ya Mungu, kila gari linalopita analipungia mkono. Basi wakatuita kwa tangazo gazetini, siku thelathini za kujibu. Zimekwisha Ijumaa iliyopita.

Gazeti lipi? nikauliza. Renita akanisukumia nakala. Gazeti langu. Tangazo liko ukurasa wa kumi na mbili. Upande wa pili wa karatasi ileile — makala yangu juu ya wizi wa ardhi, na picha yangu ikitabasamu.

"Warithi wa Ezekiel R. Mungin." Nililisoma! Nakumbuka kabisa. Nikafungua ukurasa mwingine. Kina Mungin ni nusu ya kisiwa, na Ezekiel sikumjua; kumbe ndiye Babu. Kwetu, sisi wajukuu wa watumwa, kila mtu ana jina la kikapu, analopewa angali mchanga na kuzikwa nalo. La karatasini linafichwa, watu wa serikali wasilipate kirahisi. Kaburini pameandikwa CUFFEE tu. Jina tulilowaficha wao, kumbe tulijinyima na sisi wenyewe.

Shangazi analijua, bila shaka. Lakini gazeti hasomi. Aliacha, anasema, walipoanza kunichapisha.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia Lemuel. Nilikuwa na hotuba nzima tayari.

"Ulikuja lini kupalilia, Lemuel? Hata kiazi kimoja, umechimba lini?"

"Na wewe je, binamu? Jembe lako liko wapi, ndani ya kompyuta?"

Lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Nikamwita msaliti. Akasema waliomjia walimwambia anauza fungu lake tu, peke yake. Halafu sauti ikashuka: "Kwani na kaburi la mama, hapo kando ya Babu, litauzwa?"

Nikakata simu. Sikupaswa. Lakini nilikata.

Ijumaa, 14 Machi

Jaji amekubali kutusikiliza Jumatatu saa tatu. Kinachotakiwa: mtu aape kwamba Cuffee ndiye Ezekiel, na kwamba tumekuwa shambani siku zote. Tukishindwa, mnada ni mwezi ujao. Watoto wote wa Babu wamekufa isipokuwa Shangazi.

Shangazi amekataa! Hakuinua hata macho kutoka kwenye mbegu za bamia alizokuwa akizichambua. "Baba yangu mdogo aliingia mahakama ile ana ekari kumi. Akatoka ana viatu tu. Mimi siingii."

Nikamweleza haki zake. Nikamweleza historia. Akaniambia nipeleke historia yangu uani, kuku wanasikiliza vizuri.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani nikaomba dakika tano, nikachukua ishirini. Nikawachoma wote: woga wetu, uficho wetu, karatasi tulizokataa kuzisoma. Mtu akakohoa. Shangazi akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwaya, "Mtoto huyu angelima kama anavyosema, tungekula mpaka Krismasi." Kanisa likaangua kicheko.

Hapo akainuka Shemasi Boysie, mzee mzima, akashika benchi.

"Mnaniita Boysie. Karatasini mimi ni Thaddeus Lucius Prioleau. Atakayecheka ninamwona."

Walicheka. Lakini mama wa nyuma yake akainuka, akataja lake. Kisha mwingine. Majirani wa miaka hamsini wakitazamana kama wageni! Sijawahi kusikia kitu kama hicho na sitaki kukiandika vibaya, kwa hiyo naacha.

Shangazi hakuinuka. Garini akatazama nje njia nzima. Mlangoni akauliza, "Kesho ni saa ngapi?"

Jumatatu, 17 Machi

Mahakamani. Naandika humuhumu.

Tumejaza mabenchi sita. Wakili wa kampuni amemuuliza Shangazi jina lake kamili. Ametazama mlango. Nikafikiri anashuka kizimbani.

"Philomena Ozella Mungin. Binti Ezekiel. Ndimi mliyenitafuta mkanikosa."

Nina miaka hamsini na tatu. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia.

Wakili anataka cheti cha kuzaliwa. Hakuna, alizalishwa nyumbani na mkunga. Basi, anasema wakili, nani mwingine anathibitisha kwamba Cuffee ndiye Ezekiel?

"Muulize yeyote," anasema Shangazi, akituonyesha kwa kidole.

Hakuna aliyeitwa. Boysie ameinuka. "Thaddeus Lucius Prioleau. Nilimjua Cuffee, nilimbebea jeneza." Jaji: kaa, mzee. Benchi la nyuma limeinuka. La kwanza pia. Wanataja majina yao ya karatasini, wanataja na la Babu, wote kwa pamoja — Renita ameshika kichwa, au anacheka, sioni.

Jaji amegonga nyundo mara ya pili. Naandika nimesimama, daftari nimeliweka mgongoni mwa Boysie. Ananiambia nisikandamize.

Askari, akiamuru watu wakae, amefika benchi la tatu. Sisi ni la nne. Hakuna aliyekaa.