Maktaba ya Ng'washi

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Mvua imewahi mwaka huu. Imeingia maktabani. Bati la upande wa kulia limeachia, maji yakashuka moja kwa moja kwenye rafu ya jiografia. Nimeanika vitabu juu ya kanga, mwanangu Getruda mgongoni analia. Tangu azaliwe analia. Zahanati wanasema mzima, eti ni tumbo tu, litapoa.

Ushirika wametuma mtu tena. Ghala hili lilikuwa la pamba, walitupatia bure pamba ilipokwisha. Sasa hakuna cha bure. Tusipolipa kodi anaingia muuza saruji. Mwalimu Mayala aliponiachia ufunguo akihamia Magu alisema, "Dorcas, wewe fungua tu kila siku, watu watakuja." Watu wanakuja. Hela haziji.

Jioni mama mkwe alisimama mlangoni akimwitia mtoto majina ya marehemu wa ukoo wao. Akimaliza ya wanawake anaanza ya wanaume. Anasema mtoto wa kulia hivi anadai jina, na siku likitajwa atanyamaza. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini najua tumbo ni tumbo. Sikumzuia. Nimechoka mno kumzuia mtu. Mume wangu Pius yuko Geita kwenye machimbo ya dhahabu tangu kiwanda kimpunguze kazi. Barua hakuna.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mungu amesikia. Mzee Shigela wa Nyegezi, mwenye malori ya samaki, amekuja mwenyewe. Atalipa kodi, ataweka bati. Sharti moja — maktaba iitwe jina la binti yake, Ng'washi. Mwaka juzi alikwenda ziwani kufua na wenzake, akateleza kwenye magugu maji. Hakupatikana. "Hana kaburi, mama," kasema. "Nataka mahali pa kusoma jina lake."

Nilikubali hata hajamaliza. Nani angekataa?

Alhamisi, 16 Oktoba

Bati jipya linang'aa mpaka Mkolani yote inatuona. Fundi kaandika ukutani, rangi ya bluu, herufi kubwa. Nikasimama barabarani nisome kwa sauti, nione kama zinasomeka. Getruda mgongoni anapiga kelele zake. "Maktaba ya Ng'washi."

Akanyamaza. Kama redio iliyozimwa. Nikageuza shingo nikidhani kalala. Macho wazi, anautazama ukuta.

Leo kalala kama watoto wa wenzangu. Na mimi nimelala. Nilikuwa nimesahau usingizi ukoje.

Jumanne, 21 Oktoba

Najuta mdomo wangu.

Mzee Shigela alileta kiti chekundu cha mbao, alichokuwa akikalia bintiye akisoma. Kikae hapa, mtu asikikalie. Nikasema sawa. Akamwona mtoto katulia, akauliza, huyu si yule aliyekuwa analia? Nikamweleza kama mzaha, kwamba mwenzetu kapenda jina la maktaba.

Hakucheka. Alivua kofia. Akamwinamia Getruda, akamwambia taratibu, "Ng'washi. Umefika?"

Mtoto akamchekea, ufizi wote nje.

Nyumbani nilimwambia mama mkwe. Akakaa chini. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha.

"Umeita jina la nyumba ya watu juu ya mtoto wetu?"

"Mama, nilikuwa nasoma ukuta."

"Mtoto hajui ukuta. Kasikia anaitwa, kaitika."

Anasema jina likishakubaliwa, wenye jina nao wana mtoto. Watamletea nguo, watamletea shanga, watamwita akakae kwao. Ndani ya ukoo haina shida, wote nyumba moja. Mimi nimemtoa nje.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mke wake amekuja, Mama Ng'washi. Mwanamke mwembamba, sauti ya chini. Alileta maziwa ya mgando, shanga, na gauni la bluu la msichana mkubwa. "Atakua," alisema. Akamtoa mtoto mgongoni kwangu bila kuomba. Akaninong'oneza, "Asante, mwanangu, kwa kunilelea."

Bibi Dorotea, anayekuja kila siku kusoma magazeti ya juzi, akadakia, "Mama Getu, una bahati wewe! Mtoto mmoja mama wawili. Sasa nepi atafua nani?"

Wasomaji wote wakaangua kicheko. Mama Ng'washi akamjibu, "Nitafua mimi. Ziwani."

Bibi Dorotea akarudia gazeti lake.

Jumatano, 29 Oktoba

Kile kiti. Nimefungua asubuhi, kimelowa. Si tone, kimelowa chapachapa, na sakafu chini yake. Nikatazama bati — kavu. Vitabu kavu. Bibi Dorotea anasema ni umande. Umande gani wa ndani ya nyumba? Nimefuta. Kitambaa kinanuka magugu maji.

Nimemwita Getruda. Hageuki. Nimemwita mara nyingi.

Lile jina jingine sijamwita. Naogopa atageuka.

Jumatatu, 3 Novemba

Mzee Shigela anataka kumchukua mtoto Jumamosi. Wampeleke pale bintiye alipoteleza, wamwoshe kwa maji yale, ziwa lione amerudi. Walale naye kwao, kesho yake wamrudishe. Nikamjibu, baba, shikamoo yako naitoa kila siku, lakini hapo hapana.

Hakupandisha sauti. "Wewe unanikatalia mtoto, mama. Mimi sijakukatalia chochote." Akatazama bati lake, akatazama watoto wa darasa la saba waliojazana mezani. "Kodi ya miezi ijayo nilikuwa nangoja tuelewane kwanza."

Kiti kimelowa tena leo.

Alhamisi, 6 Novemba

Mama mkwe amefikiri siku tatu. Anasema jina litolewe pale pale lilipoitwa, na aliyeliita ndiye alitoe. Nikamwambia nikilifuta, maktaba imekwisha. Akanijibu, "Saruji nayo ni kazi ya watu. Mtoto unaye mwingine?"

Nimewaza watoto wangu wa mezani. Nimewaza Mwalimu Mayala. Halafu nimenunua chokaa.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika nikiwa maktaba. Leo sikuruhusu msomaji kuingia.

Nimepaka chokaa. Mara ya kwanza bluu ilichungulia, nikarudia. Getruda nilimlaza ndani, mkekani. Nilipofunika herufi ya mwisho akaanza kulia. Kilio chake kile kile cha zamani! Nikaangusha brashi, nikamkimbilia, nikalia naye. Lia, mama. Lia unavyotaka.

Hapo gari likasimama. Mzee na mkewe, siku moja kabla. Nimefunga mlango, nimeweka komeo. Hawakugonga. Nawaona kwenye upenyo, wamesimama wanautazama ukuta mweupe. Mama Ng'washi akaita mara moja, kwa ile sauti yake ya chini, "Ng'washi."

Nikamkumbatia mwanangu, nikangoja.

Akaendelea kulia. Tena kwa nguvu. Hakumsikia, hamjui!

Mzee akamshika mkewe bega, akamwambia kwa Kisukuma, twende. Milango ya gari. Wameondoka. Yaishe, na kodi iende nayo. Nimemrudisha mtoto mkekani, nikakaa mezani niandike haya.

Sasa ndiyo nasikia kimya.

Getruda kanyamaza. Sijataja jina lolote. Kageukia kona ya kiti chekundu, anakichekea, ufizi wote nje. Nimeita. Hageuki. Maji yanatoka pale chini ya kiti, yanakuja polepole kwenye mkeka, na nje jua linawaka.

Mlango huu nimeufunga mwenyewe, nikidhani aliyekuja kumchukua yuko nje.