Silabi Iliyopotea Kwenye Fensi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Niwie radhi, shajara. Sijakugusa tangu Krismasi. Nilifanyiwa upasuaji wa macho, na sasa naona hata makosa ya mabango ya barabarani!

Mwanangu Nelson amefika. "Yeyo, niko na fundi wa fensi kesho." Mimi mwalimu mstaafu wa Kiswahili nikamsahihisha: sema nina fundi! Na ni uzio, si fensi! Akacheka tu. Anataka kuzungushia shamba letu hili la Kitengela, maana madalali wanapita wakilipima kwa macho. Sawa. Lakini njia ya ng'ombe wa Parmuat kwenda bwawani inapita katikati. Parmuat ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu.

Jumatano, 5 Machi 2025

Nguzo zimefika kwenye njia ya ng'ombe. Parmuat alisimama, akaegemea fimbo, akamwuliza Nelson: "Hiyo fensi inachunga ng'ombe ama inanichunga mimi?" Kisha akasema njia ikifungwa atawapeleka ng'ombe wake sokoni Bisil kuwauza, wote. Bwawa lingine liko mbali mno.

Nimefungua kamusi kubwa ya Kiingereza. Fence — kumbe ni "defence" iliyopoteza silabi ya kwanza! Kwanza lilikuwa tendo la kujikinga. Baadaye likawa kinga yenyewe, ya miti na waya. Maana nyingine: mtu anayenunua mali ya wizi. Hiyo sitamwambia Parmuat.

Jumamosi, 8 Machi 2025

Nimemsomea Nelson kamusi wakati wa chai. Kulinda ni kitenzi kinachotaka yambwa, nikamwambia. Unalinda nini, dhidi ya nani? Akajibu: madalali. Nikamwuliza: dalali gani huja na ng'ombe?

"Yeyo, wewe ulistaafu kweli?" Lakini alitoka, akamsimamisha fundi.

Alasiri akampa Parmuat shauri: lango kubwa, kufuli, na Parmuat apewe ufunguo mmoja.

"Ng'ombe wangu hawana mfuko wa kuweka ufunguo," Parmuat akasema. Nelson alicheka hadi akakaa chini. Baba mdogo wake pia! Tangu mazishi sijawasikia wakicheka pamoja.

Kisha wakanigeukia. Shamba liko kwa jina langu. Lango la kufuli, au njia iachwe wazi? Parmuat hataki kuomba ruhusa ya kupita kwa kaka yake. Nelson naye hakosei, madalali wapo.

Nimewaomba muda. Jioni ng'ombe wamepita kati ya nguzo, Nelson akiwashikia waya.

Nikishaamua nitaandika hapa ni neno gani limesimama pale njiani: lango, au njia.