Safari ya Kigali Iliyoishia Stendi ya Kahama

Kakola,
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Uliniambia baridi ya huko Mbinga ikianza tu nalo linaanza. Na kahawa je, imekubali mwaka huu? Yule nguruwe jike uliyekuwa unamlilia, amezaa salama? Sisi huku tu wazima wa mwili. Jua ni lile lile na vumbi ni lile lile jekundu, linaingia mpaka kwenye ugali. Nasema wazima wa mwili kwa sababu hiyo sehemu nyingine sina hakika nayo.

Najua unajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Mama, kwenye simu ungeniuliza mbona sauti iko hivyo, nami ningesema mafua, tukaishia hapo. Nakuomba uisome mwenyewe kwa miwani yako. Usimpe kijana wa dukani akusomee, maana ataisoma kwa sauti na kijiji kizima kitajua jambo langu kabla hujafika mwisho.

Mjukuu wako Imelda anakuja kwako, peke yake. Barua hii nitampa dereva wa lori anayeshuka huko leo, ili ikutangulie. Nataka uyasikie kwangu kabla hujamwona usoni ukaanza kumuuliza ana nini.

Kwanza ujue amekua. Wewe ulimwacha wa kubebwa mgongoni, sasa yuko kidato cha tatu na tukisimama pamoja mimi ndiye natazama juu. Tangu mama yake aende Mwanza kuanza maisha mengine tumebaki wawili, na tulikuwa tunaelewana, mama, walahi tulikuwa tunaelewana. Muhula uliopita nilimwambia akifanya vizuri aombe anachotaka. Akafanya vizuri. Mimi nikajua ni simu tu hiyo, nikaanza kujiandaa kununa. Akasema, "Baba, tukatembee Kigali. Siku tatu tu."

Nikamuuliza, tuna ndugu Kigali? Hapana. Kuna msiba? Hapana. Unataka kununua kitu? Akacheka. "Kutembea tu, baba. Kuuona mji, halafu turudi." Mimi toka nizaliwe sijawahi kusafiri bila sababu. Nimesafiri kwa msiba, nimesafiri kwa njaa, na nimesafiri kwa tetesi za dhahabu. Nikamuuliza kwa nini iwe Kigali. Akasema amesoma kwamba mji wote umekaa juu ya milima, nyumba zimepanda mpaka kileleni, naye amezaliwa huku tambarare, hajawahi kusimama mahali akaona chini. "Si ulisema kwa bibi ni milima mitupu? Basi na mimi nione." Hapo ningemwambia haya twende kwa bibi. Sikusema, kwa sababu kuja huko mikono mitupu baada ya miaka yote hii naona aibu, na Kigali hakuna anayenijua. Ndivyo nilivyo, mama.

Basi tukaanza kupanga. Ah, zile jioni! Alikuwa anakaa mlangoni na simu yangu, ananionyesha barabara, anasema siku ya kwanza tutapanda kwa miguu mpaka pale, ya pili tutaenda sokoni na maktaba, ya tatu tutakaa tu tunywe chai mahali penye dirisha kubwa. Akanipa na masharti. Kule hutemi mate ovyo. Hubebi mfuko wa nailoni, watakunyang'anya mpakani. Ukipanda bodaboda unavaa kofia ngumu hata kama ni hapo kwenye kona. Mhudumu wa hoteli humwiti kwa kupiga makofi. Na bei ya kitu usianze kuigeuza kuwa dhahabu, maana mimi nina tabia hiyo, nikiambiwa soda bei gani nahesabu ni pointi ngapi za dhahabu kwenye mizani yetu. Nikanunua viatu vya ngozi, vikaniuma, nikawa navizoeza uani jioni huku majirani wananichungulia. Akanifundisha salamu yao, "muraho," na asante yao, "murakoze." Nikienda kwa muuza vocha namwambia murakoze. Wakajua nimechanganyikiwa. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile.

Sharti moja ndilo lililotuua. Aliniomba, "Baba, usiwaambie wale wa shimoni." Alijua wangekuja stendi kututania na matope yao na makelele yao. Nikasema haya, siri yetu.

Sasa lazima nikueleze jambo la huku, vinginevyo hutaelewa. Shimo letu, ambalo tunaliita duara, lina watu wake, na mimi kazi yangu ni kupanga matimba, yale magogo ya kuzuia udongo usitufukie. Lakini kwa vile nimekaa sana na hawajawahi kunishika na wizi, ndiye pia ninayekagua. Mawe yakishapelekwa kwenye karasha kusagwa, mtu haondoki kimya kimya. Anaaga, anavua viatu, anafunua mdomo, anageuza mifuko, na mimi ndiye ninayetazama. Akiwa mwanamke, anatazamwa na Mama Kulwa, anayetupikia, mpaka kwenye nywele, kwa sababu wapo waliowahi kuficha dhahabu ndani ya misuko. Anayeondoka bila kuaga, huyo ameiba. Hatuulizani mara mbili.

Siku moja kabla ya safari yetu tulisaga mawe yaliyokuwa yakituchekea kwa kung'aa, na dhahabu ikatoka kiduchu. Watu wakanuna. Tukagawana kile kidogo, kila mtu akaenda zake anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Kesho yake asubuhi, mimi mkaguzi, ambaye hakuna aliyenikagua, nikavaa viatu vya ngozi, nikamchukua binti yangu, tukapanda gari la Kahama kwenda kupanda basi la Kigali. Sikumuaga mtu. Mama, hata mimi ningenikimbiza.

Wenzangu wa duara walisikia tumepanda gari la Kahama, wakatukuta stendi. Tulishakaa kwenye viti, Imelda dirishani, amesukwa rasta ndefu alizoshinda saluni siku nzima azipate kwa ajili ya safari. Nikaona bodaboda tatu zimesimama mbele ya basi. Akashuka Shija, msimamizi wa duara, kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kusimamisha gogo. Nyuma yake vijana wengine, na Mama Kulwa akiwa bado na aproni.

"Mngoni, shuka," Shija akaniita. Huku ukitoka kusini wewe ni Mngoni tu, hawataki kujua zaidi.

Nikashuka. Akaniuliza kwa upole, "Unaenda wapi?"

"Kigali."

"Kufanya nini?"

"Kutembea."

Wakaangua kicheko, mama. Hata kondakta alicheka. Mchimbaji, siku moja baada ya dhahabu kupungua, anavuka mpaka kwenda kutembea! Shija akasema, "Mngoni, sisi si watoto. Vua viatu."

Nikavua. Nikafunua mdomo. Nikageuza mifuko mbele ya abiria, wauza karanga na wapiga debe, wengine wameshatoa simu wanapiga picha. Hilo si neno. Nimewafanyia wengine, nikasema leo zamu yangu. Hawakupata kitu. Ndipo Shija akamtazama Imelda kule dirishani, akasema, "Na mtoto."

Hapo ndipo, mama. Hapo ndipo ningesema hapana. Neno fupi kuliko jina langu. Lakini nikawaza nikikataa watasema kumbe amempa mtoto, nitafukuzwa duarani, na kwa sifa hiyo hakuna shimo la huku litakalonipokea. Nikasema, "Mkagueni tu, hana kitu." Tena nikacheka. Nilicheka ili watu wa stendi waone ni mambo ya kawaida, utani wa kazini. Yeye akanitazama nikicheka.

Alishuka mwenyewe, hakushikwa. Mama Kulwa akamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaanza kufumua. Yule mama alikuwa anasema chini chini, "Nisamehe ng'wanawane, nisamehe mwanangu," lakini vidole vinaenda. Msuko mmoja, wa pili, wa tatu. Nywele za bandia zikawa zinaanguka kwenye mafuta ya magari. Basi likapiga honi. Kondakta akatushushia mizigo chini, likaondoka na viti vyetu viwili vitupu. Imelda hakulia. Alikaa wima, ameshika magoti, anatazama mbele, na mimi nimesimama pembeni bila viatu.

Hawakupata kitu. Shija akanipa mkono, "Samahani Mngoni, kazi ni kazi, unaijua." Wakatununulia soda, mama, ndiyo tabia yetu, ukikaguliwa ukakutwa safi unapewa soda yaishe. Ya Imelda ilibaki kwenye benchi na inzi wake. Mimi yangu niliinywa.

Nikamwambia kuna basi lingine, bado tunaweza kufika, mipango yote iko pale pale. Akajifunga kanga kichwani, nusu kasukwa nusu kafumuliwa, akasema, "Twende nyumbani, baba." Tulipofika mlangoni ndipo akaniuliza, "Na wewe huwa unawafanyia watu vile?"

"Ndiyo."

"Na watoto wao?"

Nikasema ni utaratibu. Akaitikia, "Haya baba," akaingia ndani. Toka siku hiyo ananipikia, ananifulia, ananiamkia shikamoo asubuhi na magoti anapiga kama alivyofundishwa. Zaidi ya hapo hana neno na mimi. Angenitukana ningejua pa kushika. Hii adabu yake inanichoma, naondoka nyumbani mapema ili nisiamkiwe.

Juzi akaniambia anataka kuja kwako mpaka likizo iishe. Nikasema vizuri, nitakusindikiza. "Hapana, nitakwenda mwenyewe." Halafu jana mchana tukiwa kwenye karasha, mashine inanguruma, namwona anakuja na mkoba wake wa safari. Kichwani amenyoa. Akapita katikati ya wanaume wote wale, akauweka mkoba juu ya meza ya mawe, akafungua zipu. Shija akazima mashine.

Imelda akawaamkia wote, tena kwa Kisukuma, hawezi kukosa adabu yule mtoto. Kisha akasema, "Jumatatu nasafiri kwenda kwa bibi yangu. Nimekuja kuaga. Nikagueni hapa hapa, msije mkanifuata njiani."

Hakuna aliyesogea. Mama Kulwa akageuka akaenda kwenye masufuria yake. Shija akakuna kichwa, akasema, "Nenda tu binti, sisi hatuna shida na wewe."

"Hapana. Nikagueni."

Shija akanitazama. "Basi mkaguzi si huyo hapo, baba yako."

Wote wakanigeukia, na Imelda akanigeukia, mkoba uko wazi, nguo zake zimekunjwa vizuri ndani. Mikono yangu, mama, mikono inayoshika magogo, iligoma kunyanyuka. Nikasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wanaoosha mchanga, "Kuanzia leo sikagui mtu. Na huyu ni mtoto wangu, hakaguliwi na yeyote. Anayeona nimeiba anifukuze mimi."

Nikajisikia mwanaume, nisikudanganye. Nikasubiri uso wake ulegee japo kidogo.

Akafunga zipu taratibu. Akasema, "Asante, baba. Ila mimi nilikuwa Kahama." Akachukua mkoba, akarudi nyumbani.

Hawajanifukuza. Shija alikuja jioni, akasema watatafuta mkaguzi mwingine na maisha yanaendelea. Kwake yanaendelea. Mimi toka jana kila nikikaa nausikia ule mji mmoja tu, Kahama, Kahama, na ninajua hana kosa. Aliponihitaji kule stendi nilicheka, neno nikaja kulisema mahali ambapo halikunigharimu kitu.

Mama, usinitetee kwake. Nakujua wewe, utaanza kumwambia baba yako ana moyo mzuri. Usimwambie. Mpeleke tu juu kule kwenye shamba la kahawa, asimame aone chini kama alivyotaka. Akikueleza yeye mwenyewe habari za Kigali, msikilize. Asipokueleza, usimchokonoe. Na akisema hataki kurudi huku, nimekubali asome huko, nitatuma kila kitakachohitajika, hata kama nitabaki na nyumba tupu.

Nisalimie dada Oliva na watoto wake, mwambie nilipata ujumbe wake nikaona aibu kujibu, sababu wewe sasa unaijua. Nisalimie mjomba mwenye mashine ya kukoboa, na katekista wetu, aniombee bila kuuliza ni kwa lipi. Shemeji anayejenga, mwambie hongera ya bati. Na wewe mama usibebe kuni kwa goti hilo, mwache Imelda abebe, ana nguvu kuliko anavyoonekana.

Ataondoka kesho alfajiri. Nimemwomba nimbebee mkoba mpaka kituoni tu, ni mbali na mzito. Akasema, "Hapana, baba, nimeshauzoea." Akishuka huko, wewe mpokee.

Mwanao anayekuinamia,
Ksaveri